Fisi katika Ngano: Mlafi au Mjomba?

Wahakiki wengi wa ngano zetu humwona Fisi kuwa kielelezo cha ulafi na Sungura cha werevu, kisha hutoa funzo na kufunga mjadala. Mtazamo huo ni finyu. T. O. Beidelman, katika makala yake ya 1961 kuhusu Wakaguru wa Tanzania, aliwasoma wawili hao kama mjomba na mpwa katika jamii inayofuata ukoo wa mama. Hoja hiyo yatuhusu sisi wa Kasumbalesa, kwani Walamba, ambao ngano zao Clement Doke alizichapisha mwaka 1927, nao hufuata ukoo huo.

Hata hivyo kuna kinaya. Hans Kruuk (1972) alibainisha kuwa fisi madoa wa Ngorongoro ni mwindaji hodari, wala si mla mizoga tu. Na katika kundi lake jike ndiye mtawala. Ngano imemgeuza kuwa dume mjinga. Hilo si kosa la fanani, bali ni uteuzi wake: ukubwa lazima uchekwe.

Basi mwalimu anayeishia kwenye ulafi amemnyima mwanafunzi swali lenyewe: kwa nini tunamshangilia mpwa anapomhadaa mjomba wake?