Nani Anakaa? Kijiwe, Mkahawa na Benchi la Chai la Ziwa Mweru

Katika insha tunazoandika sisi wanafunzi wa Kiswahili kuhusu kahawa, kuna dai linalorudi kama kibwagizo: kijiwe cha kahawa ni bunge la wananchi. Hapo, tunaambiwa, tajiri na maskini hukaa baraza moja, habari za nchi hujadiliwa bila woga, na mgeni hupokewa kama mwenyeji. Kisha hufuata aya ya kuilaumu mikahawa mipya ya mjini, yenye viti laini, kahawa ya maziwa yenye povu na bei ya kutisha, kwamba imemgeuza binadamu kuwa mteja tu. Insha hii inapingana na zile. Hazisemi uongo mtupu, ila zinaliruka swali la kwanza analojiuliza mtu anapokaribia mahali pa kunywa kahawa, kabla hajaonja hata tone: je, mimi naweza kukaa hapa?

Lugha yenyewe ina ushahidi. Mkahawa, kwa asili ya neno, ni mahali pa kahawa. Leo unaweza kuingia mgahawa Dar es Salaam ukaagiza wali, maharage na samaki wa kukaanga, halafu ukaambiwa kahawa hakuna, labda ya pakiti. Jina la kahawa lilibaki na nyumba yenye mlango, bei na mhudumu. Kahawa yenyewe ikabaki nje, barazani, kwa mzee mwenye dele. Ni vitu viwili vya ukoo mmoja, na mteja wa kimoja si lazima awe mteja wa kingine.

Tuchukue Jaws Corner ya Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa kuwa ndicho kijiwe kinachotajwa kuliko vyote. Ni makutano ya vichochoro katika eneo la Sokomuhogo, yamezungukwa na baraza, na jina limetokana na ile filamu ya papa ya mwaka 1975 iliyooneshwa hapo kwenye televisheni. (Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara ikasubiri hadi miaka ya 1990, Wazanzibari hawachoki kulikumbusha hilo.) Kwenye nguzo imetundikwa simu kuukuu yenye maandishi yanayoahidi simu za kimataifa za bure. Ni mzaha wa kijiwe, na mgeni anayeuamini huchekwa kwa upole.

Yanayosifiwa hapo ni ya kweli, na mimi nayasifu pia. Kahawa ni chungu, imechemshwa na tangawizi au iliki, na dele halitoki juu ya makaa. Kikombe ni kidogo, hakina mkono, kwa hiyo hukinywi kwa pupa. Kashata ipo pembeni kuutuliza uchungu. Hakuna anayekuletea bili. Unakunywa, unatafuna, unaongea, na unapoinuka wewe ndiye unayemwambia muuzaji: vikombe vitatu, kashata mbili. Hesabu iko mdomoni mwa mteja. Hakuna mkahawa wa kisasa unaompa mtu imani kiasi hicho. Zaidi ya hapo, sarafu zile chache hazipimi muda: aliyekunywa kikombe kimoja baada ya alasiri anaweza kukaa hadi baada ya isha, na hakuna wa kumtazama kwa jicho la kumtaka apishe. Kai Kresse, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu falsafa mjini Mombasa, aliichukulia baraza kama mahali pa fikra nzito, na hakukosea.

Hata hivyo, ule uhuru wa kusema bila woga una masharti yake. Jaws Corner ilijulikana kwa miaka mingi kama ngome ya CUF, na Maalim Seif Sharif Hamad alipohamia ACT-Wazalendo mwezi Machi 2019, wafuasi wake wengi walihama naye. Upande wa CCM kuna maskani ya Kisonge, Michenzani, iliyovuma kwa ubao wake wa maneno makali. Mtu wa chama cha pili haulizwi kadi. Atauziwa kahawa, atajibiwa salamu. Ila maneno atayapima kabla ya kuyatoa, na wenzake watajua kwamba anayapima. Wanasiasa wanaliona hili kuliko waandishi wa insha.

Lakini suala la vyama ni dogo likilinganishwa na la wanawake. Hakuna tangazo lolote kijiweni linalomkataza mwanamke kukaa. Halihitajiki. Binti wa mtaani hupita na mfuko wake wa sokoni, huamkia wazee, huitikiwa vizuri, huendelea na njia. Akikaa hatafukuzwa, atazungumzwa, na maneno yatafika nyumbani kabla yake. Cha ajabu ni kwamba mwanamke mtalii hukaa. Hupishwa nafasi, hupewa kikombe, hupigwa picha. Kwa hiyo kinachozuia si uanamke peke yake. Mtalii hana mjomba mtaani na kesho ataondoka, yeye hahesabiwi. Anayehesabiwa ndiye asiyekaa.

Nalijua jibu linalotolewa hapa, maana tumelisikia darasani mara nyingi: wanawake wana mabaraza yao ya ndani, uani, katika maandalizi ya harusi, maulidi na vikundi vya akiba. Ni kweli, na pengine mazungumzo ya huko yana uzito kuliko tunavyodhani. Sasa tuangalie kinachopita kijiweni pamoja na kahawa. Nani anauza kiwanja. Wapi wanatafuta dereva, nani ana mjomba bandarini. Mradi gani unakuja na fundi nani atapewa kazi. Nani atagombea udiwani. Habari hizi zina bei, na hugawiwa bure kwa waliokaa. Anayezipata kesho yake kwa kaka yake, zikiwa zimepoa na kuchujwa, hajapata kitu kilekile. Kijiwe ni taasisi ya wanaume wa mtaa, tena taasisi nzuri. Ila ukiiita bunge la wananchi umewatoa nusu ya wananchi bila kupiga kura.

Kasoro hii si ya Waswahili peke yao, na si mpya. Makka ilifunga nyumba zake za kahawa mwaka 1511 kwa hofu ya yanayosemwa humo. Mfalme Charles II wa Uingereza alitoa tangazo kama hilo Desemba 1675, akalirudisha nyuma baada ya siku chache kabla halijaanza kutumika, kwa jinsi watu walivyopiga kelele. Jürgen Habermas, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alizitumia nyumba za kahawa za London kueleza jinsi umma unaojadili mambo yake ulivyozaliwa, na wengi wetu tumeyabeba maelezo yake hadi Zanzibar tukayavika kanzu. Tulichokiacha njiani ni majibu aliyopewa. Nancy Fraser, mwaka 1990, alionyesha kwamba uwanja uliojiita wa wote ulijengwa kwa kuwaweka wengine nje, wanawake wakiwamo. Ukimnukuu wa kwanza bila wa pili, unapata insha tamu.

Ndipo ninapotaka kuutetea, kwa kiasi, ule mkahawa tunaoubeza. Pale Mkunazini, si mbali na Jaws Corner, Zanzibar Coffee House ilijijengea jina ndani ya nyumba ya karne ya 19 kwa kahawa ya shamba la Utengule, Mbeya. Katika mikahawa ya namna hii, Zanzibar, Moshi, Nairobi au Kampala, pesa za kikombe kimoja zingenunua vikombe kumi na zaidi barazani. Huitwi dada wala binti ya fulani. Unaitwa madamu, na ukiwa mwanamume, bosi. Tabasamu la mhudumu ni sehemu ya kazi yake, na ukiacha kuagiza kwa saa nzima litapungua. Haya yote ni kweli. Lakini mwanafunzi wa kike anaweza kuingia peke yake, akafungua daftari, akanywa kahawa yake taratibu, na asiwepo mtu wa kuuliza ni mke wa nani. Amenunua upweke wenye heshima, kitu ambacho kijiwe hakiuzi. Wanaosema mkahawa umeua ujamaa aghalabu ni watu ambao hawajawahi kuuhitaji upweke huo, kwa sababu walikuwa na baraza. Lawama inayostahili iko kwenye bei: uhuru huo wanaupata wenye nazo, na mwanamke asiye na kitu anabaki njiani na mfuko wake wa sokoni.

Nilikotoka mimi, ufukwe wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, hakuna kijiwe wala mkahawa, na ndiyo sababu nimekuwa nikiviangalia vyote viwili kwa jicho la mgeni. Kiswahili kinasikika huko siku nyingi. Livingstone alipofika Mweru Novemba 1867, wafanyabiashara wa pwani walikuwa tayari kwa Mwata Kazembe. Kaskazini, katika nchi ya Chifu Mkuu Puta, Wabwile wako pande zote mbili za mpaka wa Kongo, na biashara ya Pweto inasemwa Kiswahili. Tangu mwaka 2018 kuna makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, ambako Kiswahili cha Katanga ni lugha ya kila siku. Lugha ilivuka, desturi ya kahawa haikuvuka nayo. Kahawa inalimwa Kasama, mkoa jirani, lakini nyingi huuzwa ng'ambo. Inayofika dukani kwetu ni ya kopo, imechanganywa na chikori, na haina wa kuisifia.

Tulicho nacho ni benchi la chai. Alfajiri, kwenye fukwe za Nchelenge na Kashikishi, mitumbwi iliyovua chisense usiku kwa taa inarudi, na wachuuzi wa samaki, wengi wao wanawake, wanasubiri na mabeseni yao. Hapo hukaa mama mmoja na birika juu ya mbaula, chai yenye sukari ya kupindukia, na beseni la vitumbuwa. (Vya kwetu ni vya unga wa ngano, mviringo kama mpira, Mzanzibari anayetarajia kitumbua cha mchele atahisi ametapeliwa.) Mama huyo haitwi muuzaji. Huitwa mama, au kwa Kibemba bana fulani, jina la mwanawe. Benchi lake linakaliwa na anayekuja: mvuvi aliyelowa, mchuuzi wa Kashikishi, mwanamke wa ng'ambo aliyevuka na mzigo, kijana wa baiskeli. Bei ya samaki ya siku hiyo hujulikana hapo kwanza, kabla mtumbwi haujagusa mchanga, na mwanamke huisikia kwa sikio lake mwenyewe.

Kwa kipimo cha nani anakaa, benchi hili linakishinda kijiwe na linaushinda mkahawa. Sitalipamba zaidi ya hapo. Chai ni ya kawaida tu, vikombe husuuzwa ndani ya ndoo moja hadi maji yafanane na chai, na mvua ikinyesha hakuna paa. Na kuna jambo zito kuliko maji ya ndoo. Kijiweni, kulipiwa kahawa ni heshima. Mzee anasema "huyu juu yangu", na mambo yameisha. Ziwani, mchuuzi anayelipiwa chai na mvuvi wakati samaki ni haba anajua kwamba huenda kikombe hicho kikadaiwa baadaye, na si kwa pesa. Watafiti wa uvuvi wameandika mengi kuhusu samaki wanaobadilishwa kwa ngono katika maziwa ya Afrika. Walikwenda kuuliza kwenye mitumbwi na kambi. Wangekaa pia kwenye benchi la chai wangeona jinsi wachuuzi wazoefu wanavyolipa kikombe chao mapema, kwa sauti, mbele ya watu, na jinsi mama wa birika anavyoipokea sarafu hiyo kwa sauti vilevile ili kila mtu asikie. Hiyo nayo ni huduma kwa mteja, ingawa hakuna mkahawa unaoitaja kwenye orodha yake.

Tena benchi lina saa zake. Mitumbwi ikishafika, chisense wakishapimwa na kuanikwa, mama huzima mbaula na kulibeba benchi kichwani kurudi nalo nyumbani, kwa sababu likiachwa litaibiwa. Kuanzia saa tatu za asubuhi ufukwe hauna pa kukaa. Jioni viti vinavyobaki ni vya baa, na pale mwanamke akikaa peke yake hakuna anayedhani amefuata kinywaji.