Chombo Chasoma, Hakisikii



Mtoto wa Msuka leo aweza kukaa barazani, akabonyeza kitufe, akamsikia Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri akisoma Qur'ani Tukufu. Usomaji wake wa msahafu mzima kwa riwaya ya Hafs, uliotolewa mwaka 1961, ulianza katika santuri, ukaingia katika kaseti, na sasa umo katika simu na vyombo vidogo vya mfukoni. Basi wako wazazi wanaouliza: ya nini tena kumpeleka mtoto chuoni?

Tuanze kwa haki. Husary husoma taratibu, kila herufi mahali pake, kila madda kwa kipimo chake, na chombo hakichoki kurudia. Maalim gani atakataa msaada kama huo?

Lakini zingatia jambo hili. Kwa Kiarabu, qalb ni moyo, na kalb ni mbwa. Ulimi wetu wa Kiswahili huzichanganya herufi hizo mbili upesi. Chombo kitasema qalb mara mia, na mtoto ataitikia kalb mara mia, akidhani amepatia. Maalim angemkatiza mara ya kwanza tu: "Rudia, mwanangu."

Hata skuli zetu zimelionja jambo hili. Vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, vya mradi wa RISE ulioanza Zanzibar mwaka 2006, viliwafundisha watoto kwa nyimbo, hadithi na michezo. Katika mafunzo ya namna hiyo sauti huuliza, kisha hunyamaza ili watoto wajibu. Ni ufundi mzuri. Ila ukimya ule hauna masikio: jibu la sawa na la kosa hupita pamoja, asipokuwepo mtu wa kulitenga.

Msuka pana magofu ya msikiti wa kale, na kiblani mwake imechorwa tarehe ya 816 Hijria, yapata 1414. Waliosali pale hawakuwa na santuri. Qur'ani iliwafikia kwa mdomo wa mwalimu na sikio la mwalimu. Na Husary naye alihifadhi utotoni chuoni, mbele ya walimu, kabla sauti yake haijaingia katika mashine yoyote.

Basi, mzazi mwenzangu, mwache mwanao asikilize usiku, na asubuhi akae mbele ya maalim. Wala ada ya maalim usiipunguze kwa kuwa umenunua chombo. Mtoto huyo kesho atasimama mbele ya safu, nasi tutasali nyuma yake.

Wabillahi tawfiq.