Malkia wa Katwe: sinema kwa wenye kulea vijana

Kati ya sinema zilizosimulia kazi ya kuwainua vijana maskini, wengi huisifu Queen of Katwe, ndiyo Malkia wa Katwe, iliyotolewa mwaka 2016 na kuongozwa na Mira Nair. Sisi pia twaisifu. Lakini tuna neno moja la kuilaumu.

Katwe ni mtaa wa maskini mjini Kampala, kwa jirani zetu wa Uganda. Huko Robert Katende, kijana aliyesomea uinjinia, aliwakusanya watoto, akawapa uji, akawafundisha sataranji, ule mchezo wa ubao wenye mfalme, malkia na askari. Mwaka 2005 akaja Phiona Mutesi, msichana wa miaka 9 hivi, aliyefiwa na baba. Mwaka 2010 Phiona alishiriki mashindano ya mataifa huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Mwaka 2012, huko Istanbul, yeye na Ivy Amoko wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha kimataifa katika mchezo huo.

Uzuri wa sinema hii ni kwamba mlezi si mtu wa kutoa fedha na kwenda zake. Katende anafika nyumbani kwa watoto, anazungumza na mama yake Phiona, ambaye Lupita Nyong'o anamwigiza vema kabisa. Mama huyu anamshuku mwalimu, na sinema haimcheki, kwa maana mtoto akienda kucheza, nani atauza mahindi? Phiona hajui kusoma. Mke wa Katende anamfundisha. Hata sataranji yenyewe anaonyeshwa kwanza na Gloria, mtoto mdogo kuliko yeye. Tuliangalie sana jambo hilo: mtu mmoja hawezi kuwashika mkono watoto wote, ni lazima aliyefundishwa jana afundishe leo.

Sinema haifichi shida nyingine pia. Watoto wanapopelekwa kushindana katika shule kubwa ya Budo, wanaogopa hata vitanda. Na Phiona akirudi kutoka safari za mbali, kazi za nyumbani zinamchukiza. Ni kweli: kumfungulia kijana mlango kunaweza kumtenga na watu wake, na hapo ndipo anapomhitaji mlezi zaidi kuliko siku ya mashindano.

Sasa neno la lawama. Sinema inamalizika kwa ushindi, shangwe na nyumba mpya, na mtazamaji anatoka akifikiri kazi ya Katende ilikuwa njema kwa sababu ilizaa bingwa. Je, kama Phiona asingeshinda? Wenzake wa kikundi wanatuchekesha mwanzoni, kisha wanabaki nyuma yake kama mapambo. Mwishoni kabisa watu wa kweli wanasimama karibu na waigizaji wao, lakini ni kwa dakika chache tu. Kumbe Phiona alipokwenda kusoma chuo kikuu huko Marekani, mwaka 2017, hakwenda peke yake: alikuwa na kijana mwenzake wa kikundi kilekile. Habari hiyo ilikuja baada ya sinema, nayo yatuonyesha kwamba tunda halikuwa moja.

Kosa hili si la sinema tu. Mahali pengi wafadhili huuliza: bingwa wenu ni nani? Basi viongozi huanza kuwatafuta wenye vipaji na kuwaacha wazito, yaani walewale ambao kazi ilianzishwa kwa ajili yao. Mtoto aliyejifunza kusoma, kungoja zamu yake, na kufikiri kabla ya kutenda, huyo amepata faida, ijapokuwa hana kikombe wala picha gazetini. Kazi ipimwe kwa huyo kwanza.

Itazameni sinema hii pamoja na vijana wenu, itawafaa. Ikiisha, waulizeni kama wanakumbuka majina ya watoto wengine wa kikundi.