Zimwi Likujualo: Mvuto wa Sinema za Mazimwi Jijini Nairobi

Sinema za mazimwi za kale aghalabu hudharauliwa na wahakiki, zikihesabiwa kuwa upuuzi wa kutia watoto hofu. Hata hivyo, Dracula na Frankenstein, zote mbili za mwaka 1931, zingali zikitazamwa, ilhali kumbi nyingi zilizolea utamaduni wa sinema katikati ya Nairobi zimekwisha kufa. Odeon na Globe zimebaki majina tu: moja la kituo cha matatu, jingine la mzunguko wa barabara. Magharibi mwa jiji, huko Kangemi na Kawangware, picha zilihamia katika vibanda vya video, kisha katika simu za mkononi. Kumbi zimekufa, mazimwi yangali hai.

Sababu ya kwanza imo katika methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi la sinema ya kale lina sheria zake. Dracula hulala mchana jenezani, hana taswira katika kioo, na kigingi humwua. Mtazamaji huzijua sheria hizo kabla taa hazijazimwa, kama msikilizaji wa ngano ajuavyo kwamba zimwi litashindwa mwishowe. Akitafutacho si mwisho, bali njia ya kuufikia. Ndiyo maana kurudia hakumchoshi. Katika Frankenstein, kiumbe kilichoigizwa na Boris Karloff hakina jina. Jina ni la msomi aliyekiunda kwa viungo vya maiti, na lawama humrudia yeye.

Sababu ya pili ni ya lugha. Mwaka 1932 ilitoka sinema ya The Mummy, juu ya maiti ya Misri iliyofufuka. Jina hilo na neno la Kiswahili mumiani ni ndugu, kwani yote mawili hurejea kwenye neno la Kiajemi na Kiarabu lililotaja dawa nyeusi kama lami. Kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 yaeleza dawa hiyo, pamoja na imani ya watu kwamba hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Nairobi ya enzi ya ukoloni nayo ilikuwa na uvumi wa wazimamoto wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu, uvumi aliouchunguza mwanahistoria Luise White katika kitabu chake cha mwaka 2000. Hivyo basi, mtazamaji wa Nairobi hakuingia ukumbini mikono mitupu.

Lakini mumiani na Dracula si wamoja. Mumiani wa uvumi huvaa sare, huendesha gari la serikali, na jua likichomoza hafi. Sinema ya kale humpa mtazamaji faraja ambayo uvumi haumpi: mnyonya damu ana kaburi lijulikanalo.

Yupo atakayepinga kwamba sinema hizi ni kasumba, naye hakosi hoja. King Kong ya mwaka 1933 huwachora wenyeji wa kisiwa kama washenzi. Hata hivyo, picha hiyo hiyo yaweza kusomwa kinyume, kwani aliyefungwa minyororo, akavushwa bahari na kuonyeshwa kwa fedha ni zimwi, si mji uliomnunulia tiketi.

Suala hili lawahusu wanaisimu moja kwa moja. Anayemtafsiri Dracula kuwa mnyonya damu humweka karibu na mnyonyaji, neno lililoshamiri katika siasa za Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Anayemwita mumiani huamsha hofu ya sare na gari. Hakuna tafsiri isiyo na upande. Aidha, sanaa ya kusimulia sinema kwa Kiswahili na Sheng, iliyompatia DJ Afro sifa hasa katika picha za mapigano, yastahili kurekodiwa na kuchunguzwa. Humo ndimo watazamaji wa vibandani huyapa mazimwi ya wageni majina ya Kiswahili, na majina hayo yasipoandikwa yatafuata kumbi zilizokwisha kufungwa.