Chama Ameisha? Ubishi wa Lushoto

Lushoto mjini, mechi ya Simba ikiisha watu hawaendi nyumbani. Wanatoka kwenye banda la kuonyeshea mpira wamejifunga masweta, maana baridi ya huku haichezewi, wanasogea hadi kwa muuza kahawa, na mechi inaanza upya. Ukitaka kujua kazi ya kiungo mchezeshaji inavyotazamwa na watu wanaojua kutazama, hapo ndipo pa kusimama. Redioni na kwenye televisheni wapo wachambuzi wazuri, na ninawasikiliza. Lakini uchambuzi ulionifungua macho kuhusu Clatous Chama niliusikia kwenye benchi la mbao pembeni ya birika, msimu wa 2023/24, wakati nusu ya mashabiki wa timu yake wanasema ameisha.

Uzito wa neno hilo hauonekani bila kukumbuka huyu mtu alikuwa nani kwa Simba. Alikuja mwaka 2018 akitokea Lusaka Dynamos. Tarehe 23 Desemba mwaka huo, Uwanja wa Taifa, Simba wanaongoza 2-1 dhidi ya Nkana ya kwao Zambia, jumla ya mabao ni sare na mechi inaelekea kwenye matuta, akafunga kwa kisigino na Simba wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Tarehe 16 Machi 2019 akawafunga AS Vita dakika za mwisho kabisa, na timu iliyokuwa imechapwa 5-0 Kinshasa na 5-0 Misri ndani ya kundi hilohilo ikatinga robo fainali. Msimu wa 2019/20 akawa mchezaji bora wa ligi. Agosti 2021 akauzwa RS Berkane ya Morocco, dirisha lilelile ambalo Luis Miquissone alikwenda Al Ahly, na Simba waliokuwa wamebeba ubingwa mara nne mfululizo wakaupoteza kwa Yanga msimu uliofuata. Januari 2022 alikuwa amesharudi. Machi 2023 akawapiga Horoya mabao matatu peke yake katika ushindi wa 7-0. Mwamba wa Lusaka, ndivyo walivyomwita, na hawakuwa wanatania.

Ndiyo maana ubishi wake ulipanda mlima haraka. Barabara inayotoka Mombo kupitia Soni ndiyo inayoshusha kabichi, karoti na viazi vya Usambara kwenda Kariakoo, na Kariakoo ndiko Simba wana makao yao Mtaa wa Msimbazi, na Yanga wao hawako mbali, Twiga na Jangwani. Lori likishuka na mboga jioni, dereva na utingo wake wanarudi na gazeti la Mwanaspoti kwenye dashibodi na maneno waliyoyaokota sokoni. Mtu wa Lushoto hasubiri kuletewa habari za Msimbazi kwa hisani ya mtu. Anazifuata mwenyewe na gunia lake.

Msimu wenyewe ulikuwa mchungu. Tarehe 5 Novemba 2023 Simba walifungwa 5-1 na Yanga, na kocha Robertinho akaondoka. Akaja Abdelhak Benchikha, naye akaondoka mwishoni mwa Aprili, na Juma Mgunda akamalizia ligi. Simba wakamaliza wa tatu, pointi sawa na Azam lakini nyuma kwa tofauti ya mabao. Katikati ya yote hayo alikuwepo Chama, anatembea uwanjani kwa mwendo wake uleule wa siku zote. Timu inaposhinda, mwendo huo huitwa utulivu. Timu inapofungwa, uleule huitwa uvivu.

Kijana mmoja wa bodaboda alilitoa neno mapema, kabla hata vikombe havijajazwa. “Mzee wangu, huyu mtu kaisha. Tukubali tu.”

Aliyeambiwa ni mzee anayelima viazi upande wa Magamba, aliyecheza ndondo ujanani na sasa goti linamkataza. Hakukasirika. Aliuliza, “Mwanangu, leo umemwangalia Chama, au umeangalia mpira?”

Kijana akacheka, akanyamaza, kisha akasema ukweli: mpira.

Hapo ndipo somo lilipoanza, na naomba niliseme taratibu kwa sababu sijawahi kuliona likielezwa vizuri hivyo. Mzee alivuta vikombe vinne vitupu kwenye benchi. Kimoja beki wa kati mwenye mpira, kimoja Chama, kimoja Kapombe pembeni kulia, kimoja straika. Kipande cha kashata kikawa beki wa wapinzani. Akasema mchezeshaji hafanyi kazi yake mpira ukiwa mguuni. Mguuni anatoa tu majibu. Kazi inafanyika kabla. Mpira ukiwa bado kwa beki wa kati, Chama wa miaka yake mizuri ameshageuza shingo mara moja. Mpira ukiwa njiani, anaigeuza tena. Ya kwanza ni kuona nani yuko wapi, ya pili ni kuona nani amehama. Kisha anapokea kwa mguu ulio mbali na mpira, mwili umefunguka nusu, ili mguso wa kwanza uwe tayari umemwelekeza langoni. Asiyegeuza shingo hupokea akiwa amelipa lango mgongo, na hana pa kuupeleka mpira ila kuurudisha ulikotoka.

Halafu akafika kwenye kuchelewa. Kidole chake kilikaa juu ya kikombe cha Chama, hakikwenda popote. Hapa, akasema, watu wanapiga kelele atoe, atoe. Hatoi. Anasubiri kashata ivutike hatua moja. Kashata ikasogezwa. Kikombe cha Kapombe kikapita nyuma yake, na hapo ndipo kidole kilipoachia. Nusu sekunde tu, lakini pasi iliyotolewa kabla ya nusu sekunde hiyo ingemkuta Kapombe na beki kifuani, na iliyotolewa baada yake ingekuta kibendera kiko juu. Nimemtazama Chama kwa miaka mingi na nilikuwa najua kwamba ana kitu. Nilikuwa sijui kwamba kitu chenyewe ni subira, na kwamba kinapimika.

Huku milimani kiazi kikinyauka mchana, mkulima asiyejua huking’oa na kuilaani mbegu. Anayejua hukata kipande cha shina karibu na ardhi, hukining’iniza ndani ya glasi ya maji safi na kutulia dakika chache. Ukishuka uzi mweupe kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria na mmea hauna dawa. Maji yakibaki safi, ugonjwa hauko kwenye shina. Ni kiu, au mizizi, au udongo, na kung’oa ni hasara ya bure. Mzee alitaka Chama naye apelekwe kwenye glasi kwanza. Akawapa vijana kazi ya mechi iliyofuata: msimhesabie pasi alizopoteza, mhesabieni mara alizoinua kichwa na mkaangalie alimwona nani. Kama hainui kichwa tena, ameisha kweli. Kama anainua, mtu anakimbia na pasi haifiki, basi mguu umechoka. Kama anainua na hakuna anayekimbia, waulizwe wengine.

Wakafanya. Na hili ndilo linalonifanya niuheshimu ubishi wa pale, kwamba watu wazima na vijana walikaa dakika 90 bandani wakimtazama mtu mmoja ambaye muda mwingi hana mpira, jambo gumu kuliko linavyosikika, hasa kamera zinapokataa kukuonyesha unachokitafuta. Baada ya mechi yule wa bodaboda ndiye aliyeongea kwanza. Kichwa kilikuwa kinainuka, alisema. Lakini mara kadhaa kilipoinuka straika alikuwa amesimama katikati ya mabeki wawili, mkono umenyooshwa chini, anataka mpira uje mguuni. Hakuna aliyekuwa anakimbilia nyuma ya mtu. Chama alipapasa mpira, akatazama tena, akaurudisha kwa Kapombe, na banda likazomea.

Ukiliweka hilo karibu na yaliyotokea klabuni, linakaa mahali pake. Januari 2024 Simba waliachana na Jean Baleke na Moses Phiri, washambuliaji wote wawili kwa mkupuo, wakawaleta Freddy Michael na Pa Omar Jobe katikati ya msimu. Mchezeshaji hujifunza miguu ya straika wake kama imamu anavyojua sauti za waumini wake. Anajua huyu huanza kukimbia bega la kushoto likishuka, yule huchelewa lakini hafanyi kosa. Ujuzi huo haununuliwi dirishani. Huja kwa mazoezi ya miezi, na wakati huo Chama alikuwa anaanza upya na watu wapya chini ya kocha ambaye naye hakukaa.

Upande wa pili nao ulikuwa na watu wake, na haikuwa kelele. Mama mmoja anayepeleka karoti sokoni Kariakoo, shabiki wa Simba tangu enzi ambazo hakusema ni zipi, alimsikiliza mzee hadi mwisho, kisha akavigeuza vikombe vilevile. “Baba, hayo ya mbele nimekuelewa. Sasa tuupoteze mpira hapa.” Akakichukua kikombe cha Chama akakiacha palepale, akavisogeza vingine vyote kurudi nyuma, na katikati ikabaki nafasi ambayo kila mtu aliiona. Mpira wa sasa, alisema, unamtaka namba 10 akabe sekunde ileile mpira unapopotea. Ukiwa na mmoja asiyekaba, viungo wawili nyuma yake wanafanya kazi ya watatu. Akakumbusha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Al Ahly, tukafungwa 1-0 hapa na 2-0 kule, wapinzani ambao hawakuhitaji zaidi ya nafasi chache kama hiyo. Mtu atakayetimiza miaka 33 mwezi wa Juni hatajifunza kukaba leo.

Mzee hakuwa na jibu la kumwangusha, na hakulitafuta. Alisema, “Hapo umenishika.” Nimehudhuria mijadala ya watu wenye shahada ambako sentensi hiyo haikutamkwa hata mara moja.

Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa sahihi, ila si kwa uzito sawa. Kukaba kwa Chama hakukushuka msimu ule, kwa sababu hakukuwahi kuwa juu. Simba walikuwa wanailipia kasoro hiyo tangu 2018 na faida ilikuwa inazidi gharama. Kilichobadilika ni faida, na faida ile ilihitaji mtu wa pili. Mashabiki wa Arsenal, ambao Lushoto wamejaa, wanaijua habari hii kwa Mesut Özil: pasi 19 za mabao kwenye Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2015/16, kisha Oktoba 2020 hayumo hata kwenye orodha ya wachezaji 25. Wazee wao wanaijua kwa Haruna Niyonzima, Mnyarwanda aliyetua Yanga mwaka 2011, akavuka kwenda Simba 2017, na kila aliposhuka kidogo akaambiwa amezeeka na watu waliokuwa wamemwimba wiki mbili nyuma.

Jaribio la kweli la wabishi wa Lushoto lilikuja Julai 2024, Chama alipotangazwa na Yanga. Nchi nzima watu walibadilishana maneno kama jezi. Waliosema ni fundi asiye na mfano wakasema mmechukua makapi. Waliosema ni babu wakagundua kwamba uzoefu hauzeeki. Kule kwenye birika nilitega sikio kwa mzee wa viazi, ambaye ni Simba wa kuzaliwa, nione kama na yeye ataugeuza ulimi. Hakuugeuza. Alisema Chama ni yuleyule wa mwezi uliopita, kichwa bado kinainuka, ila Yanga nafasi ile ina Aziz Ki aliyetoka kufunga mabao 21 kwenye ligi, na ina Pacome Zouzoua, kwa hiyo atakaa benchi zaidi ya anavyodhani. Msimu ukaenda takriban hivyo. Yanga wakachukua ubingwa, yeye mara nyingi akiingia akitokea benchi, na akimaliza msimu akaondoka kwenda Singida Black Stars.

Kuona hivyo kuhusu mchezaji aliyekimbilia kwa mtani, wiki ileile aliyokimbilia, kunahitaji jicho lililozoea kutazama shingo na bega na miguu ya straika, kiasi kwamba rangi ya jezi inakuja baadaye sana. Ni ufundi. Haulipwi, hauna cheti, na mzee yule hajui kwamba anao.

Swali moja lilibaki bila kufungwa, na hadi leo likianzishwa vikombe vinapangwa: ni Chama aliyemtengeneza Meddie Kagere, au Kagere aliyemtengeneza Chama? Kagere alikuwa mfungaji bora wa ligi 2018/19 kwa mabao 23 na tena 2019/20 kwa mabao 22, misimu miwili ya kwanza ya Chama Msimbazi. Mama wa karoti anasema pasi kwanza, kwani asiye na pasi atakimbia hadi Mombo bila kupewa mpira. Mimi niko na mzee. Kagere alikuwa anaanza kukimbia Chama akiwa bado hajapokea, anakimbia hata mara tisa za bure ili apewe ya kumi, na mabeki walirudi nyuma kumfuata, na pale walipotoka ndipo Chama alipokuwa anasimama.