Vitabu vya Mtakatifu Sipriano kwa Quirinus: vinatufundisha nini juu ya kufundisha Maandiko?

Katekista akikabidhiwa kundi la wakatekumeni, swali la kwanza linalomsumbua si gumu la teolojia. Ni hili: Maandiko ni mengi, siku ni chache, nianze wapi? Agano Jipya peke yake lina vitabu 27: Evanjili nne, Matendo ya Mitume, barua 21, na Apokalipsi. Basi anachukua kaye, anaandika vichwa: Mungu Baba, Yezu Mwana wa Mungu, Roho Mtakatifu, Eklezya, ubatizo, sala, upendo. Chini ya kila kichwa anatia maneno mawili matatu ya Maandiko, watu wayashike kwa moyo.

Njia hiyo si ya leo. Ina miaka zaidi ya 1,700, na fundi wake mkubwa ni mtakatifu wa Afrika, yule ambaye Seminari Kubwa ya hapa Bunia inachukua jina lake. Waseminari wengi wanamjua Sipriano juu ya maneno yake ya umoja wa Eklezya na juu ya kifo chake. Wachache wamefungua vitabu vyake vitatu kwa Quirinus. Tunataka kuvichungua hapa, si kwa kuvisifu tu, lakini kwa kuvipima: vinafaa katika nini, na vinapunguka wapi.

Kitabu chenyewe

Sipriano alikuwa mwalimu wa ufasaha katika mji wa Kartago. Alibatizwa akiwa mtu mzima, karibu na mwaka 246, na nyuma ya muda mfupi tu akafanywa askofu wa mji ule. Katika miaka ile ya kwanza aliandika kazi hii kwa ajili ya Quirinus, ambaye anamwita mwanawe mpendwa. Tarehe 14 Septemba 258 alikatwa kichwa kwa ajili ya imani.

Kazi yenyewe ni vitabu vitatu. Cha kwanza kina vichwa 24, nacho chaeleza namna Wayuda walivyoacha neno la Mungu na namna watu wa mataifa walivyoitwa. Cha pili kina vichwa 30 juu ya Kristu: ni nani, alitabiriwa namna gani, aliteswa, akafufuka, atarudi kuhukumu. Cha tatu ni kirefu zaidi: kina vichwa 120 juu ya maisha ya mkristu. Chini ya kila kichwa Sipriano haongezi mahubiri yake. Anapanga maneno ya Maandiko tu, moja baada ya lingine, Isaya na Zaburi, Matayo na Yoane, Paulo kwa Wakorinto na kwa Waroma.

Mema yake

Jema la kwanza: hafichi mahali alipochota. Kila neno analitaja pamoja na kitabu chake. Hasemi tu kwamba imeandikwa. Anasema imeandikwa katika Isaya, imeandikwa katika Evanjili kadiri ya Luka. Desturi hiyo yaonekana ndogo, lakini ni elimu kamili. Mwanafunzi anayesikia kila siku jina la kitabu pamoja na neno, polepole anajua nyumba ya kila neno. Kaye ngapi za makatekista wetu zina maneno mazuri bila jina la kitabu! Mtu akiuliza yanatoka wapi, hakuna anayeweza kumpeleka.

Jema la pili ni mpango wa kitabu cha tatu. Kichwa chake cha kwanza si juu ya elimu, wala si juu ya cheo cha mapadri. Ni juu ya matendo mema na huruma, na maneno aliyoyakusanya hapo ni mengi sana. Cha tatu ni juu ya upendo wa kindugu. Mbele kidogo twakuta vichwa viwili vyenye kufuatana: tusamehe tunapotendewa vibaya, tena tusilipe ovu kwa ovu. Cha mwisho, cha 120, chataka tudumu katika sala. Anaanza na mikono ya kutoa, anamaliza na mikono ya kusali. Mwalimu anayejua mambo ya kwanza na mambo ya nyuma hupanga hivi.

Jema la tatu: alitumia Maandiko katika lugha ya watu wake. Yeronimo alikuwa hajazaliwa bado. Sipriano alishika tafsiri ya Kilatini iliyosomwa na wakristu wa Afrika, na leo wataalamu wanatafuta katika maandiko yake sura ya Biblia hiyo ya zamani. Mbele yake, katika mwaka 180, wakristu wa Scilli walipohukumiwa Kartago, mmoja wao, Speratus, aliulizwa ana nini katika sanduku lake. Alijibu kwamba ni vitabu, pamoja na barua za Paulo. Hivyo Waafrika wale walikuwa wakibeba Agano Jipya mkononi hata mbele ya hakimu. Sisi hapa Ituri, ambako Kilendu, Kihema, Kialur, Kilugbara na lugha nyingine zinakutana katika Kiswahili, tunaelewa vizuri thamani ya Maandiko katika lugha inayosikika na wote.

Upungufu wake

Sasa tupime upande mwingine. Anayekata maneno na kuyapanga chini ya vichwa anapata maneno, lakini anaweza kupoteza kitabu. Tuone mfano mmoja. Mwisho wa kitabu cha pili, Sipriano anataka kuonyesha kwamba Kristu ndiye hakimu na mfalme. Anatia hapo fundisho la Matayo 25, la kondoo na mbuzi. Hakukosa: hakimu yumo, mfalme yumo. Lakini tusome Matayo mwenyewe. Mara tu nyuma ya fundisho hilo, mwanzo wa sura ya 26, Yezu anawaambia wanafunzi kwamba nyuma ya siku mbili ni Paska, naye atatolewa kusulubiwa. Basi yule atakayehukumu mataifa yote anakwenda kuhukumiwa mwenyewe. Aliyesema kwamba alikuwa na njaa, uchi, na kufungwa, saa chache tena atavuliwa nguo na kufungwa kweli. Hilo Matayo alilipanga kwa akili. Katika kaye ya vichwa halionekani.

Tuchukue mfano mwingine, huu ni wetu wenyewe. Kila parokia inajua neno la Paulo kwa Wagalata, kwamba katika Kristu hakuna tena Myuda wala Mgriki. Tunaliandika chini ya kichwa cha umoja, tunaliimba, tunalipamba ukutani. Lakini barua yenyewe inasema nini? Katika sura ya pili Paulo anasimulia habari ya Antiokia: Petro alikuwa akila pamoja na wakristu wa mataifa mengine, wengine walipofika kutoka Yeruzalemu, aliogopa, akajitenga. Paulo akamkaripia mbele ya wote. Hivyo umoja katika barua ile si wimbo kwanza. Ni meza: nani anakula na nani, na nani anaondoka mezani wakati ndugu wa kabila lake wanapomtazama. Anayejua neno moja tu la Wagalata anaweza kuliimba siku ya Mungu, na siku ya pili akakataa chakula cha jirani. Anayejua barua nzima hana tena pa kujificha.

Upungufu mkubwa zaidi umo katika kitabu cha kwanza. Manabii walisema maneno makali juu ya taifa lao wenyewe. Waliyasema kwa machozi, kama mzazi anavyomkemea mtoto wa tumbo lake. Ukiyakata maneno hayo, ukayapanga mustari kwa mustari, ukayatia kinywani mwa watu wa taifa lingine, si machozi tena, ni hukumu juu ya jirani. Sipriano aliandika katika mabishano ya wakati wake, wala hatumfanyi mkosaji kwa mambo yaliyofanyika nyuma. Lakini karne nyingi zimeonyesha matunda ya mapango ya namna hiyo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tangazo Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulikataza kuwaonyesha Wayuda kama watu waliotupwa au waliolaaniwa na Mungu, kana kwamba Maandiko ndiyo yasemayo hivyo.

Hapa kwetu jambo hili si habari ya Kartago tu. Vita ya mwaka 1999 mpaka 2003 iligombanisha Wahema na Walendu. Mwezi wa Mei 2003 mapadri wawili waliuawa katika parokia ya Nyakasanza, hapa mjini. Na mwisho wa mwaka 2017 mauaji yakaanza tena katika Djugu. Katika inchi yenye vidonda kama hivi, neno la Maandiko lililokatwa linaweza kuwa kisu. Mtu akitafuta neno la kulaani kabila la pili, atalipata, kwa maana Agano la Kale lina vita na laana nyingi. Kitu kinachomzuia ni kimoja: kujua kitabu kizima, nani anasema, anasema na nani, na Mungu anamaliza neno namna gani.

Mwisho, tukumbuke kwamba orodha ya vitabu ilikuwa haijakomaa bado. Katika maneno ya Sipriano hatukuti Barua kwa Waebrania, wala ya Yakobo. Orodha ya vitabu 27 kama tulivyo navyo twaiona katika barua ya Paska ya Mtakatifu Atanasio, mwaka 367, na mtaguso wa Kartago wa mwaka 397 ulikubali hesabu ile ile. Anayemfuata Sipriano peke yake atakosa fundisho la Yakobo juu ya maskini anayeketishwa chini kanisani na tajiri anayepewa kiti kizuri.

Tufanye nini?

Je, tuitupe kaye ya vichwa? Hapana. Sipriano mwenyewe alijua mpaka wa kazi yake. Katika maneno ya mwanzo anamwambia Quirinus kwamba amempa mambo mafupi ya kushikwa kwa moyo, kusudi nyuma aende kunywa zaidi kwenye chemchemi yenyewe. Na alipomwandikia Fortunatus kitabu kingine cha namna hii, juu ya kifo cha dini, alisema kwamba hakumletea nguo iliyokwisha kushonwa: alimletea manyoya ya Mwanakondoo pamoja na rangi, ajitengenezee mwenyewe vazi la kipimo chake. Kila fundi cherehani wa soko la Bunia anaelewa. Kitambaa si nguo bado.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: vichwa ni mlango, si nyumba. Tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila neno katika kaye liandikwe pamoja na kitabu chake na sura yake. Pili, kila mwaka wa ukatekumeni kundi lisome kitabu kizima kimoja kwa sauti, toka mwanzo mpaka mwisho. Marko ana sura 16 tu. Kwa sura moja kila juma, miezi minne yatosha. Tatu, mbele ya kueleza neno lolote, mwalimu aulize: nani anasema hapa, kwa nani, na nini kinafuata? Mtaguso, katika Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, ulidai vile vile tuangalie umoja wa Maandiko yote, na uliwahimiza mapadri na makatekista kwa majina wasiache kuyasoma.

Ndugu waseminari, nanyi makatekista wetu, hatusemi haya kwa kupenda vitabu tu. Usiku wa tarehe 27 Julai 2025 wakristu waliuawa katika kanisa la Komanda, walipokuwa wakikesha katika sala. Watu waliobaki wanatuuliza maneno. Neno moja lililokatwa haliwatoshi, nao wanasikia mara moja kama msemaji analiazima. Tuwape Matayo mzima, tuwape Paulo mzima, pamoja na vilio vyao, hasira zao na tumaini lao. Hapo watajishonea wenyewe vazi la kuvaa.