Jicho Kabla ya Mguu

Vitabu vinavyofundisha kazi ya mikono vina tabu yake. Mwandishi anakijua kitendo kwa mwili wake, lakini hana budi kukieleza kwa maneno. Msomaji huyapokea maneno, na mwili wake ukabaki kama ulivyokuwa. Ndiyo maana vitabu vizuri vya kufundisha kuogelea au kufinyanga ni vichache. Vya udereva wa kasi ni vichache zaidi, kwa kuwa aghalabu huandikwa ili dereva asifiwe, si ili msomaji afundishike. Katika hivyo vichache kimoja kinastahili kuhakikiwa kwa makini. Ni Roadcraft, kitabu cha madereva wa polisi wa Uingereza, kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1955 na kuandikwa upya kwa kiasi kikubwa mwaka 1994.

Asili yake ina funzo. Katika miaka ya 1930 magari ya polisi wa London yalikuwa yakigongwa na kugonga kupita kiasi. Mwaka 1937 shule yao ya udereva, iliyokuwa Hendon, ilimwita Earl wa Cottenham, mtu aliyewahi kushindana katika mbio za magari, ili aunde upya mafunzo. Mtu wa mbio akaletwa kupunguza ajali! Asiyeufahamu ufundi huu ataona ni kichekesho. Anayeufahamu ataona kuwa dereva aliyezoea kasi ya kweli ndiye ajuaye zaidi kwamba kasi haianzii mguuni.

Moyo wa kitabu ni utaratibu wa hatua tano: kukusanya habari za barabara, kuliweka gari mahali pake, kurekebisha mwendo, kuchagua gia, kisha kuongeza mafuta. Kabla ya kona, breki zifanye kazi yake yote wakati magurudumu yangali yamenyooka. Mwendo ukishatulia, gia ichaguliwe. Ndipo gari liingie konani, injini ikivuta polepole, na mafuta yaongezwe pale barabara inapofunguka. Sababu yake ni rahisi. Tairi hushika barabara kwa eneo dogo, takriban kiganja cha mtu, na nguvu ya kushika ni kama mshahara: ukiutumia wote dukani, hakuna ada ya shule. Anayekanyaga breki kwa nguvu katikati ya kona huku akikata usukani anayadai matairi malipo mawili kwa mfuko mmoja. Gari huserereka, naye akasema barabara ilikuwa mbaya.

Lakini sehemu niipendayo zaidi ni ile ihusuyo macho. Kitabu kinamwambia dereva atazame mbele mahali ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana. Pale pakizidi kumkimbia, kona inafunguka na anaweza kuongeza mwendo; pakimsogelea, kona inakaza na apunguze. Juu ya hayo kinaweka sheria moja isiyo na msamaha: uweze kusimama, upande wako mwenyewe, ndani ya umbali unaouona kuwa ni wazi. Hesabu inaiunga mkono. Gari linalohitaji mita 20 za breki kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa litahitaji mita 80 kwa mwendo wa 120. Mwendo umezidi mara mbili, umbali umezidi mara nne, na hapo hatujahesabu mita 33 zinazopita kila sekunde ambayo dereva bado anashangaa.

Mwaka uleule wa 1955, Stirling Moss alishinda mbio za Mille Miglia nchini Italia, kilometa zipatazo 1,600 katika barabara za kawaida, kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Kando yake alikaa Denis Jenkinson akiwa na ukanda wa karatasi wenye urefu wa zaidi ya mita 5, ulioandikwa kona na vilele vya njia nzima, akimwonyesha dereva kwa ishara za mikono yaliyo mbele. Moss alikuwa na kipaji kikubwa. Hata hivyo, kasi ile ilijengwa pia na kujua kabla ya kufika. Sisi tusio na karatasi hiyo tunabaki na macho yetu.

Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, tulidai kila mwanachuo awe na andalio la somo kabla ya kuingia darasani. Hatukudai hivyo kwa kupenda karatasi, bali kwa sababu mtu asiyepanga hujikuta akijibu badala ya kuongoza. Hatua tano za kitabu hiki ni andalio la kona. Na zoezi lake la dereva kusema kwa sauti anayoyaona, mtoto ukingoni, basi limesimama, lami ina maji, ni ufundishaji bora kabisa, kwa maana jicho lisilosema ni vigumu kulisahihisha.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni kuandika kana kwamba aliyeelewa amekwisha kuwa. Tabia haiji hivyo. Mwanafunzi akipewa hatua tano kwa siku moja atazikariri zote asizoee hata moja. Afadhali juma zima la kutazama tu, kwa mwendo wa kawaida, juma la pili breki za mapema na laini, kisha gia. Tena ujuzi wa mikono ukitangulia ule wa macho huleta majivuno. Norway mwaka 1979 iliwalazimisha madereva wapya kufundishwa kuendesha kwenye utelezi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1988 ulionyesha kuwa kwa vijana wa kiume ajali za kwenye utelezi hazikupungua bali ziliongezeka. Walijifunza kuliokoa gari, wakaacha kuiogopa hatari.

Kasoro ya pili ni ya ugeni, nayo hatuwezi kuwalaumu waandishi. Barabara yao ina mistari na vibao vinavyosema kweli. Dereva anayepanda Kitonga kuelekea Iringa husoma alama nyingine: matawi mabichi yaliyotandazwa lamini humwambia kuwa lori limeharibika baada ya kona, na mbuzi mmoja aliyevuka humwambia kuwa wengine wanafuata. Kanuni inabaki ileile, bali mifano ni lazima tuiandike wenyewe.

Kwa nini nishughulike na kitabu cha namna hii? Kwa sababu vijana wetu wanapenda kasi, na sisi wazee tumewajibu kwa methali moja tu, kuwa haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini katazo si somo. Kijana aliyenyimwa mwalimu hufundishwa na wenzake, na katika somo hili wengine hawapati nafasi ya kurudia mtihani. Tumwambie kuwa raha ya kuendesha vizuri ni raha halali. Kwamba mahali pa kupima kikomo cha matairi ni uwanja uliofungwa, penye mwalimu. Na kwamba barabarani ufundi hupimwa kwa ulaini, hata abiria aliyelala asijue kona ilikuwa wapi.

Kitabu hiki kisomwe, basi, na hasa kisomwe polepole, sura moja kwa juma, na mtu mwenye uzoefu akae kiti cha kushoto akisikiliza. Peke yake hakimfanyi mtu kuwa dereva. Kikipata mwalimu mvumilivu, kitampa kijana kitu ambacho makemeo yetu hayajampa: sababu ya kupunguza mwendo ambayo yeye mwenyewe ameiona kwa macho yake.